UZI: Kujenga jiko la moshi la nyama uani, tuanze na hewa kabla ya pipa

Kibaniko_Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za Jumapili.

Kila mara mtu akiuliza humu namna ya kutengeneza jiko la kuivisha nyama kwa moshi, jibu linalotangulia ni "tafuta pipa, lipasue katikati, tia wavu, umemaliza". Hilo ni jiko la nyama choma. Nyama choma naipenda sana, lakini kazi yake ni nyingine: moto uko chini ya nyama, mafuta yanadondokea makaa, baada ya saa moja au mbili watu wanakula. Kwenye jiko la moshi, moto unakaa pembeni. Nyama inakaa kwenye joto la nyuzi 105 hadi 125 za Selsiasi kwa saa nyingi, na kinachoipitia ni hewa ya moto yenye moshi mwepesi. Hewa hiyo lazima ipangiwe njia tangu siku ya kuchora. Ukishachomelea kila kitu halafu moshi ukakataa kutoka, hakuna kiungo kitakachoiokoa hiyo nyama.

Njia yenyewe ni hii. Hewa inaingia chini kwenye chumba cha moto, inapata joto, inakuwa nyepesi, inavuka kwenda chumba cha nyama, inatokea kwenye dohani upande wa pili. Dohani ndilo linalovuta. Likiwa la moto na lenye urefu wa kutosha, linanyonya hewa mpya kule chini bila feni wala kupuliza. Moto ukipata hewa, kuni zinaungua safi na moshi unatoka mwembamba, wa buluu hafifu, kiasi kwamba ukiwa mbali unaweza kudhani jiko limezimika. Ukiunyima hewa, kuni zinafuka badala ya kuwaka, moshi unakuwa mweupe mzito, na utomvu wake mweusi unaganda juu ya nyama. Nyama hiyo inakuwa chungu na inaganzisha ulimi. Wengi wakiona moshi mzito wanafurahi wakidhani ladha inaingia. Ladha ya kweli inaletwa na ule moshi ambao hauonekani sana.

Sasa vipimo. Natumia pipa la kawaida la lita 200 lililolazwa, ambalo kipenyo chake ni kama sm 57 na urefu kama sm 88. Ukiweka wavu katikati yake unapata eneo la kutosha kuku kadhaa na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe kwa pamoja.

Chumba cha moto kiwe karibu theluthi moja ya ujazo wa pipa. Ndani sm 40 kwa 40, kimo sm 45, hapo umepata kama lita 72. Tundu la kupitisha moto kutoka humo kwenda kwenye pipa liwe na eneo la kama sentimita za mraba 300, yaani sm 15 kwa 20, na likae chini ya usawa wa wavu. Tundu la hewa la chini, sm 8 kwa 10, liwe na kibati cha kuteleza ili uweze kulifungua na kulibana. Dohani ni bomba la chuma la inchi 4, urefu kati ya sm 60 na 90. Hizi ni kanuni za wajenzi wa majiko haya, hazikuandikwa kwenye jiwe, ila ukizifuata jiko linavuta. Kosa kubwa ninaloliona kwa mafundi ni bomba la inchi 2 kwa sababu ndilo lililokuwepo karakana. Inchi 4 ina eneo mara nne ya inchi 2. Usikubali.

Niko Morogoro upande wa milimani na ua wetu una mteremko, kwa hiyo chumba cha moto nimekichimbia chini na pipa liko juu yake upande wa kupandia. Kama ua wako una mteremko hata kidogo, utumie, maana moshi wenyewe unataka kupanda. Kama ni tambarare, inua pipa kwa kuta mbili za tofali na chumba cha moto kibaki chini.

Chumba cha moto nashauri kiwe cha tofali za kuchoma. Bati la pipa lina unene wa karibu milimita moja tu. Likikaa na moto wa kuni wiki kwa wiki linapinda na kuliwa. Tofali zinashika joto, kwa hiyo hata upepo ukivuma halishuki ghafla. Kwa kuunganishia, msitumie saruji sehemu inayoguswa na moto, inapasuka na kumomonyoka. Tumieni udongo wa kichuguu. Mchwa wameshauchagua ule udongo laini unaonata, na ukipata moto unakuwa mgumu kabisa. Utwange, uchekeche mawe na mizizi, changanya na mchanga laini, loweka usiku kucha. Finyanga kidonge, kiache kivulini kikauke. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikimeng'enyeka ukikisugua kwa kidole, ongeza udongo. Viungo kati ya tofali viwe vyembamba, nusu sentimita inatosha, na tofali zenyewe zichovye kwenye maji kabla ya kupanga, la sivyo zinafyonza maji ya udongo na kiungo hakishiki.

Juu ya chumba cha moto weka kipande cha chuma kizito cha milimita 5 au 6, au panga tofali juu ya engo (chuma cha pembe). Halafu kiache chumba kikauke polepole. Siku kadhaa kivulini, kisha vimoto vidogo vidogo vya vijiti. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, maji yaliyomo yanageuka mvuke na kupasua kuta.

Nitaendelea na pipa. Maswali karibuni.

Jirani_Mwema

Nimekaa mstari wa mbele. Mkuu tupia na picha.

Fundi_Vyuma

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze jambo moja kabla mtu hajakimbilia grenda.

Pipa tupu ni hatari kuliko pipa lililojaa. Likiwa lilibeba mafuta ya taa, petroli, thina au chochote kinachowaka, ndani kuna mvuke, na cheche moja ya grenda inalilipua. Hii kazi imeua na kulemaza mafundi wengi. Mimi pipa nisilojua historia yake silipokei kabisa. Chagua lililobeba chakula: mafuta ya kula, asali, juisi nzito ya viwandani. La dawa za mashamba au kemikali ya viwanda achana nalo hata ukipewa bure, maana hata ukichoma ndani huwezi kuhakikisha kilichoingia kwenye viungo.

Hata hilo la mafuta ya kula, lioshe kwa maji ya moto na sabuni, fungua vizibo vyote viwili, lijaze maji hadi karibu na mstari wa kukatia. Tobo la kwanza piga kwa tindo na nyundo kama wanavyofanya wale wazee wa kutengeneza majiko ya mkaa. Usishike grenda ya umeme huku maji yanamwagika miguuni. Tundu likishakuwa kubwa na ndani kukavu na wazi, hapo grenda inaruhusiwa.

Na mlango: usimalize kuukata kabla ya kufunga bawaba. Chora mstari, kata upande wa juu peke yake, chomelea bawaba, ndipo umalizie pande tatu zilizobaki. Ukikata mlango wote kwanza, bati linajikunja na halifungi tena sawasawa. Kwenye ukingo wa mlango chomelea fletibaa (chuma bapa) ya inchi moja kwa ndani, itazuia moshi kuvuja.

Kibaniko_Moro

Fundi, ahsante sana. Hapo kwenye bawaba umetoa siri ambayo mafundi wengi hawaisemi.

Naendelea ulipoishia. Mapipa mengi ndani yana rangi ya kukinga kutu, nyingine ya dhahabu au kahawia. Hiyo rangi lazima iungue kabla chakula hakijakaribia. Tia kuni nyingi ndani, washa moto mkali nje mbali na nyumba, mlango wazi, usimame upande unakotoka upepo. Rangi itageuka mkaa, kisha unga wa kijivu. Ikipoa sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kitupu. Nje pia rangi ya zamani itoke. Halafu pakaa mafuta ya kula ndani kwa kitambaa, tabaka jembamba, washa moto wa wastani saa mbili tatu. Chuma kinakuwa cheusi kinachong'aa, na kutu haikipati kirahisi.

Msitumie mabati ya kuezekea, mabomba ya maji ya mabati wala nyavu za mabati popote penye moto. Zile zimepakwa zinki. Zinki ikichomwa au ikichomelewa inatoa moshi mweupe unaosababisha homa, kichefuchefu na kifua kubana, na mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri hiyo homa. Wavu utengeneze kwa nondo nyembamba za milimita 6 au 8, ziache uwazi wa sentimita mbili. Ukipata chuma kisichoshika kutu, vizuri zaidi.

Chini ya pipa toboa tundu dogo upande wa dohani na uchomelee kipande cha bomba. Pipa lilale limeinama kidogo kuelekea hapo, ndoo ikae chini. Mafuta ya nyama yasiachwe yakatuama ndani, yanashika moto.

Upepo_wa_Tanga

Salaam wakuu. Niko Tanga, karibu na bahari. Huku kusi ikivuma inatokea kusini mashariki, kaskazi nayo inageuka. Mdomo wa jiko nielekeze wapi? Na banda langu la uani limeezekwa makuti.

Kibaniko_Moro

Upepo_wa_Tanga, usiuelekeze mdomo kwenye upepo wa msimu wowote. Ukiukabili, kusi itapuliza moto kama mvukuto na joto litaruka hadi nyuzi 160 bila wewe kugusa kitu. Ulaze ubavu: mstari wa jiko ukate upepo, yaani mdomo uangalie kusini magharibi, ambako haukabili kusi wala kaskazi. Jenga na kijiukuta cha tofali kimo cha kiuno hatua moja kutoka kwenye tundu la hewa. Baada ya hapo kibati cha kuteleza kitakutosha.

Makuti, mkuu, tafadhali sana. Jiko likae mbali nayo kabisa, mita nne au zaidi, na si upande unakotoka upepo. Dohani la inchi 4 lenye moto mzuri linaweza kurusha cheche. Ndoo ya mchanga iwe karibu.

Na chumvi ya bahari itakula pipa haraka. Kila ukimaliza kupika, wakati chuma bado kina uvuguvugu, pitisha kitambaa chenye mafuta nje na ndani. Juu ya dohani weka kofia ya kuzuia mvua, ila iinuliwe angalau sm 10. Kofia iliyobana inaua mvuto wote.

Mkazi_Houston

Ndugu zangu, nawasoma kutoka Texas. Jiko analolieleza Kibaniko ndilo wenyeji huku wanalitumia, moto pembeni na nyama upande wa pili. Wengi wanajenga kwa mabomba mazito ya chuma ya viwanda vya mafuta, ndiyo maana majiko yao yanadumu. Asili ya biashara yenyewe katikati ya Texas ni wachinjaji Wajerumani na Wacheki waliohamia huku karne ya 19. Nyama iliyobaki buchani bila kununuliwa waliitia moshi ili isiharibike. Mpaka leo sehemu nyingine unauziwa kwa uzito juu ya karatasi ya buchani.

Nataka kuongeza kuhusu dohani. Lisitoke kwenye paji la juu la pipa. Litoke kwenye usawa wa wavu, kisha lipande. Ukilitoa juu kabisa, hewa ya moto inapita darini na kuondoka, nyama iliyo chini inabaki na joto hafifu. Ukilitoa usawa wa wavu, moshi unalazimika kushuka na kupita juu ya nyama kabla ya kutoka. Tofauti unaiona kwenye kipimajoto.

Na kipimajoto kiwekeni kwenye usawa wa wavu pia. Kile cha kwenye mfuniko kinapima joto la hewa ya juu, nyama haiko kule.

Nyegezi_Samaki

Hongereni kwa uzi. Mimi ni wa samaki, Mwanza, lakini tunakutana kwenye moshi.

Huku ziwani sangara na kambale wamebanikwa miaka mingi juu ya mapipa na vichanja, moto chini kabisa ya samaki. Tatizo ni mafuta. Yakidondokea moto yanaungua na kurudi juu kama masizi yenye kemikali za jamii ya benzopirini, ambazo zinahusishwa na saratani. Mwezi Septemba 2014 Umoja wa Ulaya ulishusha kiwango kinachoruhusiwa cha kemikali hiyo kwenye samaki na nyama za moshi kutoka mikrogramu 5 hadi 2 kwa kilo. Wafanyabiashara wa samaki wa Afrika Magharibi waliumia sana.

Ghana walikuwa na jiko la Chorkor tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, limepewa jina la kitongoji cha Accra. Lilipunguza kuni na kumwezesha mama kubanika tabaka nyingi za vichanja kwa mara moja. Baadaye FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakishirikiana na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegali, walitengeneza jiko la FTT. Kikubwa kilichoongezwa ni sinia la kukinga mafuta yasifike kwenye moto, na moshi kutengenezwa pembeni. Kwa hiyo huyu Kibaniko akisisitiza moto ukae pembeni na mafuta yaende kwenye ndoo, msichukulie kama mapambo. Ni afya ya wanaokula.

Jirani_Mwema

Aisee hii ya mafuta sikuwahi kuifikiria. Endeleeni wakuu.

Nakuru_Mchomaji

Habari zenu kutoka Kenya. Swali langu ni la kuni. Huku kwetu miti iliyo karibu ni mikaratusi na misaipresi. Inafaa?

Kibaniko_Moro

Nakuru, karibu. Hiyo yote miwili iache. Mkaratusi una mafuta makali, nyama itanuka kama dawa ya kifua. Misaipresi na misonobari ina utomvu, moshi wake ni masizi matupu.

Tafuta miti ya matunda na miti migumu ya nyika. Mpera ndio chaguo langu la kwanza, unawaka polepole na moshi wake ni mtamu. Mchungwa na mlimau ni mizuri kwa kuku na samaki. Mwembe uliokauka vizuri unafaa. Parachichi ni laini kidogo, unaisha haraka, lakini hauna ubaya. Kwenu Bonde la Ufa mna migunga, ina joto kali, tumia vipande vidogo.

Visivyoingia kabisa: mbao zenye rangi au vanishi, vipande vya plaiwudi, maranda ya karakana ambayo hujui yametokana na nini, na nguzo za uzio au za umeme zilizotiwa dawa. Zile zenye rangi ya kijani kibichi mara nyingi zina shaba, kromiamu na aseniki. Maganda ya korosho nayo yana mafuta yanayobabua. Miti yenye maziwa kama mnyaa ni sumu.

Kuni ziwe zimepasuliwa na kukauka angalau miezi sita, unene wa kifundo cha mkono. Msiziloweke. Naona watu wanasambaza hiyo ya kuloweka kuni ili moshi uwe mwingi. Maji hayaingii ndani ya mti kwa saa chache, yanakaa juu juu, na kinachotoka mwanzo ni mvuke unaopoza moto. Anza na mkaa uliokolea, halafu ongeza kipande kimoja kila nusu saa au dakika 45. Kipande kipya kiweke kwanza juu ya chumba cha moto kipate joto, kikiingia kinashika papo hapo bila kufuka.

Mama_Chipukizi

Kaka Kibaniko, mimi nafuga kuku wa kienyeji na nataka kuwauza wa moshi. Nikiwapika kwa saa nne bado wagumu, na ngozi inavutika kama mpira. Tatizo jiko au kuku?

Kibaniko_Moro

Dada, jiko halina kosa. Kuku wa kienyeji aliyekomaa ana misuli ya kazi, joto kavu halimlainishi. Mchemshe kwanza taratibu na chumvi, tangawizi na kitunguu mpaka akaribie kuiva, mtoe, mkaushe kwa kitambaa, mpoze vizuri kwenye friji, ndipo aende kwenye moshi kwa saa moja na nusu. Nyama ya baridi yenye unyevunyevu kidogo juu inashika moshi vizuri kuliko ya moto, kwa hiyo kule kupoza si kupoteza muda. Supu unabaki nayo.

Wa kisasa mloweke usiku mzima kwenye maji yenye gramu 50 za chumvi kwa lita, mkaushe, mpike moja kwa moja. Ngozi ndiyo inayotaka joto zaidi. Nusu saa ya mwisho fungua hewa, jiko lipande mpaka nyuzi 150 au zaidi. Katikati ya paja karibu na mfupa isome nyuzi 74.

Daktari_Mifugo

Kwa kuwa dada anataka kuuza, naomba niseme ya afya.

Nyama iwe na muhuri wa mkaguzi, hasa ya nguruwe. Tegu wa nguruwe bado yupo kwenye maeneo yetu, na vifuko vyake vinaonekana kama punje nyeupe ndani ya nyama. Moshi hauui tegu. Kinachomuua ni joto kufika ndani. Pima kwa kipimajoto cha kuchoma, nguruwe ufikishe nyuzi 71 na kuendelea, na usikisie kwa rangi, maana moshi unaacha wekundu pembezoni mwa nyama hata ikiiva kabisa.

Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria wanazaliana haraka. Jiko linalosuasua nyuzi 50 kwa saa nyingi ni mazalia. Ndiyo maana ule moshi baridi wa chini ya nyuzi 30, wanaoutumia Ulaya kwa nyama za chumvi na soseji, siwashauri mwanzoni. Unahitaji chumvi maalumu yenye nitriti iliyopimwa kwa mizani, sababu mojawapo ikiwa ni bakteria wa botulini anayependa mahali pasipo hewa. Nitriti ikizidi nayo ni sumu. Baki na moshi wa moto.

Nyama ikishaiva na haijaliwa ndani ya saa mbili, iende kwenye friji. Kuiva kwa moshi namna hii hakuifanyi idumu mezani.

Chuga_Boy

Wakuu swali la ng'ombe. Nimeona video za Wamarekani wanapika kifua saa 12 kinakatika kwa kidole. Cha kwetu kinatoka kigumu na kikavu. Nani anajua?

Mkazi_Houston

Chuga_Boy, ng'ombe wa huku wamelishwa nafaka miezi mingi, kifua kina mafuta ndani ya nyama yenyewe. Hayo mafuta ndiyo yanayolinda kwa saa 12. Zebu wetu ametembea na kula majani, nyama yake ina ladha nzuri kuliko hii ya huku ila haina akiba hiyo. Ukifuata saa za kwenye video unakausha tu. Kuna hatua pia nyama ikifika kama nyuzi 65 hadi 75 ndani, kipimajoto kinagoma kupanda saa nzima au zaidi. Ni maji yanayotoka juu ya nyama yanaipoza, kama jasho. Watu wanadhani moto umepungua, wanajaza kuni, wanaharibu.

Mwana_Masaka

Nipo Uganda, hilo la kukauka tunalitatua kwa jani la mgomba. Chukua kifua, shingo au mbavu fupi, chumvi gramu 15 kwa kilo moja tangu jana yake. Moshi saa tatu mpaka rangi ikolee. Halafu babua majani ya mgomba juu ya moto yalainike, funga nyama humo pamoja na kikombe cha supu na kitunguu, tabaka mbili tatu, kama tunavyofunga luwombo, chakula chetu cha kupikwa ndani ya jani. Irudishe jikoni upande wa baridi mpaka ndani isome nyuzi 93 hivi. Hapo ule ute mgumu wa kwenye nyama umeyeyuka. Iache ndani ya jani nusu saa kabla ya kukata, na ukate kwa kukinzana na nyuzi za nyama.

Chuga_Boy

Mwana_Masaka ubarikiwe. Migomba ninayo nyuma ya nyumba.

Kibaniko_Moro

Na mimi nimechukua hii. Sinia la maji chini ya wavu karibu na moto nalo linasaidia, linaongeza unyevu na kutuliza joto.

Dodoma_Mgunga

Wakuu, nimejenga kwa vipimo vya uzi huu, tofali na kichuguu, dohani inchi 4 usawa wa wavu. Linavuta safi kabisa, moshi wa buluu. Ila upande wa moto kipimajoto kinasoma 145, upande wa dohani 105. Nifanyeje?

Kibaniko_Moro

Hongera sana mkuu. Tofauti ipo kwenye kila jiko la namna hii, lakini nyuzi 40 ni nyingi. Bado hujaweka bati la kukinga.

Tafuta kipande cha chuma cha milimita 3 au 4, upana wa pipa. Kichomelee juu ya tundu la moto kwa ndani, kiiname kuelekea chini kama pembe ya 45, kiende mbele sm 25. Moto ukitoka utagonga pale, utashuka na kusambaa chini ya wavu badala ya kupanda moja kwa moja. Kama bado, weka vipande vingine viwili vitatu vya chuma chini ya wavu bila kuvichomelea, viache nafasi ndogo karibu na moto na nafasi kubwa zaidi kadiri unavyoelekea dohani. Vinasogezeka, kwa hiyo unavirekebisha mpaka upate unachotaka.

Namna ya kujua bila kununua vipimajoto vingi: panga slesi za mkate wavu mzima, jiko likiwa limetulia na joto lako la kawaida, funga dakika 15 hadi 20. Ukifungua utaona zilizoungua, za kahawia na zilizobaki nyeupe. Hiyo ndiyo ramani ya jiko lako. Sogeza vyuma, rudia na mkate mpya.

Usilazimishe liwe sawa kila mahali. Upande wa moto uwe wa kuku, ngozi yake inataka joto. Katikati nguruwe na mbuzi, na kule kwenye dohani kifua cha Mwana_Masaka ndani ya majani yake. Ukishapata, tuwekee hapa picha ya mkate wa mwisho na vyuma ulivyovipanga, itamsaidia anayejenga baada yako.